Ustadi wa Kuihoji Diski Iliyojaa

Onyo la Unix kwamba diski haina nafasi tena ni fupi kuliko jambo lenyewe, na ustadi wa msimamizi wa mfumo hujulikana kwa namna anavyolihoji kabla hajafuta chochote. Amri mbili za kulihojia zimo tayari katika mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa mwaka 1971 katika maabara ya Bell nchini Marekani: df huuuliza mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoigawa diski na kutunza hesabu zake, umebakiwa na nafasi kiasi gani, na du hupita saraka moja baada ya nyingine, ikijumlisha ukubwa wa kila faili inayoikuta.

Majibu yao yanapopishana, mgeni hudhani mojawapo ina kasoro, ilhali zote husema kweli. Katika Unix jina huandikwa ndani ya saraka, nalo huelekeza kwenye ainodi, rekodi ndogo inayoeleza faili ni ya nani, ina ukubwa gani na data yake imelazwa wapi. Kufuta, basi, ni kuondoa jina tu. Nafasi hairudi mpaka jina la mwisho liondoke na kila programu iliyoifungua faili hiyo iwe imeifunga. Ndiyo maana mwenye pupa hufuta faili nono ya kumbukumbu za seva, kisha akaikuta diski imejaa vilevile, kwa kuwa du hailioni tena jina ila df bado inaihesabu data. Aliyebobea huisaka programu inayoishikilia faili kwa lsof, amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa, akaiwasha upya; na pengine asingeifuta kabisa, bali angeipunguza hadi baiti sifuri ikiwa mahali pake.

Ainodi zenyewe nazo huisha. Katika ext4, mfumo wa faili wa Linux, idadi yake huwekwa diski inapoandaliwa, hivyo mamilioni ya vijifaili huweza kuzimaliza nafasi ingalipo tele, na onyo likaja kwa maneno yaleyale. Amri df -i hulifichua hilo mara moja.

La kupendeza zaidi, pengine, ni akiba. Wabunifu wa mfumo wa faili wa Berkeley, miaka ya 1980, walitenga takriban asilimia 10 ya diski, kwa kuwa inayokaribia kujaa hukosa mahali pa kukusanya pamoja vipande vya faili moja, ikapoteza kasi. Mtumiaji mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa akiba hiyo, na alipoigusa, df ya BSD, yaani Unix ya Berkeley, ilionyesha, bila haya, matumizi yaliyopita asilimia 100.