Uzi wa Shira

Shira ya tangawizi haipikwi kwa haraka. Masika yanapoingia Unguja na Pemba na watu kuanza kukohoa, viungo vyake havitafutwi mbali: tangawizi mbichi, karafuu, mdalasini, ndimu na sukari. Ninachokistahi mimi ni mkono unaovipika.

Tangawizi robo kilo huoshwa, ikapondwa kinuni, kisha ikainjikwa katika lita moja ya maji pamoja na kijiti cha mdalasini. Mkaa uwe umepungua. Maji yacheze tu, yasitokote kwa nguvu, mpaka yabaki nusu. Joto hilo hugeuza sehemu ya jinjeroli, kiini cha ukali wa tangawizi mbichi, ikawa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Karafuu nne au tano huja mwishoni na sufuria ikafunikwa, maana harufu yake hutoroka na mvuke.

Ikishachujwa kwa kitambaa, hurudishwa motoni na kutiwa sukari, kilo moja kwa nusu lita. Mgeni hushtuka, lakini kipimo hicho, sehemu mbili za sukari kwa moja ya maji, ndicho kile kile cha shira ya wafamasia. Sukari hushika maji, vijidudu vingi vikakosa pa kuishi. Ikipungua, shira huchacha na kutoa povu. Ikizidi, huganda chembechembe chini ya chupa. Maji ya ndimu nayo huvunja sehemu ya sukari, isirudi kuwa chembe.

Kipimajoto hakuna. Mpishi huchota tone kwa mwiko, huliacha lipoe, hulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha huviachanisha vidole taratibu. Uzi mfupi ukitokea na kukatika papo hapo, sufuria huepuliwa. Ukivutika mrefu, shira imepita kiasi na huongezwa maji. Jicho hilo halipatikani kwa kusoma. Hupatikana kwa kusimama jikoni karibu na bibi, mwaka baada ya mwaka.

Kutumia nako kuna adabu yake. Kijiko kimoja hunywewa polepole, au hukorogwa katika kikombe cha maji ya moto wakati wa kulala. Wanaotia asali huitia shira ikiwa vuguvugu, na hawampi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu asali yaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu hatari. Mwenye kisukari naye huambiwa mapema kwamba hii ni sukari tupu.

Mpishi hodari haahidi miujiza. Shira yake hulainisha koo na kumpa mgonjwa nafuu ya kulala. Kikohozi kikifika wiki mbili, yeye ndiye wa kwanza kumwambia jirani aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu. Kujua mpaka huo ni sehemu ya ufundi wake, sawa na kuujua uzi.