Tashbihi za Kiingereza na Msomaji wa Oldeani

Katika masomo ya fasihi, tashbihi ya Kiingereza huelezwa kwa maneno machache: ni kufananisha kitu na kitu kingine kwa neno la wazi la kulinganisha. Fasili hiyo haina kosa. Kosa huanza pale mwalimu au mfasiri anapodhani kwamba tashbihi hushindwa kuingia katika Kiswahili kwa sababu tu msomaji hakijui kitu kilichotajwa. Rai hiyo imezoeleka mno, wala haijapimwa ipasavyo.

Na ipimwe Oldeani, wilayani Karatu, chini ya mlima ambao jina lake la Kimasai latokana na mianzi. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Julius Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, kisha ikasahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, Kaizari hujifananisha na nyota ya kaskazini muda mfupi kabla ya kuuawa. Oldeani iko zaidi ya digrii tatu kusini mwa Ikweta. Nyota hiyo haionekani huko usiku wowote. Kwa rai iliyotajwa, tashbihi hiyo ingekuwa imekufa. Lakini haifi, maana Shakespeare hakuitaja nyota akanyamaza: alimpa Kaizari maneno ya kueleza kutosogea kwake, na msikilizaji akishapewa sifa hiyo hana haja ya kuiona nyota yenyewe. Tena Kaizari wa historia, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, naye hakuwa na nyota angavu iliyosimama penye ncha ya kaskazini ya anga, kwa kuwa ncha hiyo huhama polepole karne baada ya karne. Mrumi wa zama zile na mkulima wa Oldeani wote wawili hupokea nyota ya kusimuliwa.

Tango lina habari nyingine. Mtu asiyebabaika wakati wa hatari, Waingereza humwita baridi kama tango. Tango si kitu kigeni Karatu, na bado tashbihi hiyo huanguka. Sifa ya Kiingereza hubeba pamoja ubaridi wa mwili na utulivu wa moyo. “Baridi” ya Kiswahili, ikisemwa juu ya mtu, huelekea uzito na kukosa hamasa. Kilichovunjika ni sifa, wala si nomino. Zaidi ya hayo, katika Kiingereza maneno hayo mawili huanza kwa sauti moja, na huenda ni sauti hiyo, kuliko maana, iliyoyadumisha vinywani mwa watu.

Panya wa kanisani, ambaye kwa Waingereza ni mfano wa ufukara kwa sababu kanisa halina stoo ya chakula, naye atazamwe kidogo. Mahali ambapo waumini hupeleka magunia ya mahindi kanisani kama sadaka ya mavuno, panya huyo yaelekea amenenepa.

Mfano mzito zaidi umo katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, pale Portia anapoifananisha huruma na mvua itokayo mbinguni bila kulazimishwa. Uingereza mvua hunyesha katika miezi yote. Karatu ngano na mahindi hungoja majira. Kwa hiyo msomaji wa Karatu hupata zaidi ya alichopata msikilizaji wa London: huruma isiyolazimishwa, na pia huruma iliyongojewa kwa wasiwasi. Hatari imo katika upole wa mvua hiyo. Mfasiri akiuita rasharasha, mkulima atasikia mvua iliyolowesha vumbi isiotesha mbegu, na huruma ya Portia itageuka kuwa ubahili.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakijawahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Mtoto wa Oldeani hufundishwa “mrefu kama mnazi” na “mrefu kama mlingoti”, ilhali minazi haistawi katika nyanda zile za juu, na bahari iko mbali. Haelekei kupotea, maana urefu umetajwa. Hata hivyo mtindo wa kusahihisha kwa kubadili nomino unaendelea. Theluji hufutwa, pamba ikaandikwa badala yake, ingawa weupe ni ule ule. Na “baridi” ya tango huachwa ipite bila kuulizwa.