Mimi wa Kanga ni Nani?

NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Ukilihesabu jina hili la kanga, upande wa kwanza una mizani 11, wa pili 12. Maneno yanakwenda sawa, naogopa na siogopi, simba na mtu, hadi meno yanapokutana na maneno. Hapo tu ndipo mizani moja inapozidi, na inazidi upande wa binadamu. Sikio linapokea vina vilevile, lakini kauli ya pili imechelewa kidogo kufika mwisho, kama anayetaka neno la mwisho liwe lake.

Halafu kuna ujanja wake. Anayesema haogopi maneno amejibu kwa maneno, tena ya herufi kubwa. Kama kweli hajali, kanga ya nini?

Ukimuuliza atakwambia amependa rangi. Utetezi huo umeshonwa ndani ya umbo lenyewe. Sentensi ina “mimi”, ila mimi huyo hana sahihi: maneno yalitungwa na mtu mwingine, yakachapwa kiwandani, yakauzwa dukani. Zile kanga maarufu za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, hata hubeba chapa ya “Mali ya Abdulla”. Mfanyabiashara katia jina lake, mvaaji hakutia la kwake. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, mashoga wawili wakigawana, “mimi” mmoja anapita mitaa miwili, akiwa na jirani tofauti kila mtaa.

JAPO SIPATI TAMAA SIKATI linakwenda mbali zaidi kwa kunyima. Hupati nini? Mume, mtoto, kazi, pesa? Kitenzi kimeachwa bila kitu chake makusudi. Kanga nyingi pia hazijali mkato, basi jicho la haraka huweza kusoma “sipati tamaa” kabla ya kurudi nyuma na kujisahihisha. Napenda sana kujikwaa huko. Mkato ungeharibu kila kitu.

Mahali pa maandishi napo ni sehemu ya utunzi. Jina hukaa ndani ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga, karibu na pindo la chini, na nguo ikifungwa kwa kawaida huangukia nyuma. Mlengwa analisoma mwenye kanga akiwa ameshampita. Atamjibu nani?

Magari nayo huandikwa nyuma, lakini umbo hilohilo hapo hufanya kazi nyingine. Chukua SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Kiunoni mwa mama anayekwenda msibani, ni unyenyekevu, na dereva ni sitiari safi. Nyuma ya basi linalolipita lori kwenye kona, sitiari imekufa: dereva tunamwona, ana usukani mkononi, na sentensi inasikika kama mtu anayejivua lawama mapema.

Ndiyo maana kanga za kampeni, zenye nembo ya chama na picha ya mgombea, mimi naziona dhaifu hata kitambaa kikiwa kizuri. Msemaji anajulikana, anachotaka kinajulikana, na msomaji hana nafasi ya kujiuliza kama amesemwa yeye. Wanawake wengi huzifunga jikoni, wakaitunza ile ya simba na meno yake kwa siku ya kupita mbele ya mlango fulani.