Waliopanda Mlima na Rangi

Katika karne ya 19, kwenye milima ya Catskill juu ya mto Hudson, nchini Marekani, walikuwapo wachoraji walioamini kwamba maumbile ni kitabu cha pili cha Mungu. Kitabu hicho hakikusomeka kutoka mjini, kwa hiyo walipanda.

Kabla mirija ya bati haijabuniwa mwaka 1841, rangi ya mafuta ilihifadhiwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Mchoraji alikitoboa, akakamua kidogo, kisha akaliziba tundu kwa msumari mdogo. Kikipasuka njiani, mfuko mzima ulichafuka. Basi wengi walipanda na penseli tu, wakiandika juu ya mchoro wenyewe: hapa kijivu, pale dhahabu. Kiangazi walitembea; baridi ilipoingia walirudi mjini kupaka turubai, wakitegemea maandishi hayo na kumbukumbu.

Katika picha zao mara nyingi hakuna malaika. Kuna gome lililooza, jabali, mwanga wa jioni juu ya maji, na binadamu mdogo mno pembeni. Udogo huo, kwangu, ndio sala yenyewe. (Wenyeji wa asili waliokwisha kusukumwa nje ya bonde la Hudson hawaonekani sana, hilo nalo tuliseme.)

Picha za mandhari zilifika hata bungeni: Bunge la Marekani lilipojadili kuihifadhi Yellowstone, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, wabunge walionyeshwa picha za rangi za maji za mchoraji mandhari.