"Wivu wa Mapenzi": Sarufi ya Habari za Mauaji ya Wanandoa na Riwaya ya Utengano

Msomaji wa magazeti ya Tanzania, awe Chake Chake au Dodoma, anakifahamu vyema kifungu hiki: chanzo cha mauaji hayo ni wivu wa mapenzi. Hutoka katika taarifa ya kamanda wa polisi, kikapita mikononi mwa mwandishi, kikachapwa bila kuguswa. Kinastahili kusomwa kwa uangalifu uleule unaopewa ubeti wa shairi, kwa kuwa kinahukumu kabla ya mahakama.

Kazi kubwa inafanywa na -a unganifu. "Wivu wake" una mwenyewe. "Wivu wa mapenzi" hauna mtu. Muuaji ametoweka, na mahali pake imekaa hisia ambayo jamii huisifu. Nomino "mauaji" inakamilisha maficho hayo, kwani aliyeua na aliyeuawa wote wamemezwa humo. "Ugomvi wa kifamilia" nao hugawa lawama nusu kwa nusu, hata pale ambapo mmoja alishika panga na mwingine alikuwa amelala.

Kilicho kizito kuliko vyote ni kitenzi "kufumania". Hakiruhusu shaka. Anayeandika "alimshuku mkewe" anaacha mlango wazi. Anayeandika "alimfumania mkewe" ameshatoa ushahidi kwa niaba ya muuaji, dhidi ya mtu asiyeweza tena kujibu. Athari zake zinavuka msamiati. Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16, inakubali kwamba aliyeua kwa kughadhibishwa ghafla atiwe hatiani kwa kuua bila kukusudia. "Ghafla", basi, ni neno linaloweza kupima uhai wa mtu. Lakini Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi au jamaa zao, 21,700 kati yao wakiwa Afrika. Ghafla gani hiyo inayojirudia kiasi hicho?

Hapa ndipo Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, inapotoa jibu ambalo magazeti hayana. Maksuudi hamuui mkewe. Anamfungia Tamima ndani pamoja na binti yao Maimuna, anampiga, anamtaliki. Na katika yote hayo masimulizi hayampi kinga ya ghafla. Ukatili unaanzia kwenye mlango uliofungwa, miaka mingi kabla ya kipigo. Jina lenyewe linasema: Maksuudi na makusudi yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Huenda ni sadfa, ingawa kwa mwandishi anayeteua majina kwa makini kama huyu ni vigumu kuamini hivyo.

Riwaya hiyo ina udhaifu wake. Maksuudi ni mwovu mno, kiasi kwamba msomaji mwanamume anaweza kumlaani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujiona ndani yake hata mara moja. Mume anayesifiwa na majirani kwa upole hana nafasi katika taswira hiyo, na ndiye anayehitaji kuchunguzwa zaidi.

Mwandishi wa habari wa Wete hahitaji istilahi mpya ili kuukwepa mtego huu. "Mume anatuhumiwa kumuua mkewe, anadai alimkuta na mwanamume mwingine" ni Kiswahili sanifu. Mtuhumiwa hahukumiwi, marehemu hachafuliwi, na kila dai linabaki na mwenye kulidai.