Mvua Yaja: Nyimbo Alizozichagua Ayub Ogada

Albamu ya kwanza ya Ayub Ogada ilitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Jina lake ni En Mana Kuoyo, yaani "Ni Mchanga Tu". Ina nyimbo 10, na mtu asiyejua Kiluo aweza kuonja ladha ya albamu nzima kwa kutafsiriwa majina machache: Dala ni nyumbani, Chiro ni soko, Ondiek ni fisi, Kothbiro ni mvua yaja. Ukiliacha Obiero, ambalo ni jina la mtu, mengi ya majina haya ni ya mambo ambayo mtoto wa kijijini huyaona kila siku. Chaguo hili lashangaza, kwa maana nyatiti ni ala iliyolelewa kwa kutaja watu.

Yafaa tuitazame nyatiti yenyewe. Ni aina ya kinubi cha Waluo chenye nyuzi 8. Mpigaji hukaa juu ya kigoda, ala ikawa chini mbele yake, naye huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu. Vidole vya mikono vikichezea nyuzi, pete hugonga ubao, na njuga hulia mguuni. Hivyo mtu mmoja hutosha kuwa kundi zima. Mahali pake ni penye watu wengi, kama vile matangani na karamuni. Hapo marehemu hutajwa kwa ukoo wake, aliye hai husifiwa, na msikilizaji aliyejawa na furaha hutoa fedha, akausimamisha muziki, akajisifu yeye na rafiki zake mbele ya watu. Desturi hiyo huitwa pakruok, nayo imejaa mzaha na majivuno ya kupendeza.

Katika albamu hii mambo hayo hayakupewa nafasi kubwa. Kwa nini? Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alijulikana kwanza Nairobi katika bendi ya African Heritage. Katika miaka ya 1980 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa akiwapigia wapita njia katika vituo vya reli ya chini ya ardhi vya London, mpaka mwaka 1988 alipoalikwa kupiga katika tamasha la WOMAD. Basi fikirini wenyewe. Ukisimama katika kituo cha gari-moshi, ukamsifu mtu kwa jina la babu yake, nani atacheka, nani atalia? Sifa yataka anayesifiwa awepo, au jirani zake wawepo. Bali mvua, soko na fisi havihitaji kujulishwa. Naona kwamba Ogada alichagua nyimbo ziwezazo kusafiri bila wenyeji wao, na katika hili alikuwa na busara kuliko wale waliomlaumu kuwa ameipunguza nyatiti.

Wimbo unaothibitisha jambo hili kuliko nyingine ni Kothbiro. Maneno yake ni machache. Mtu mzima anawaita watoto, anawauliza wanafanya nini, anawaambia mvua yaja, warudishe ng'ombe nyumbani. Basi. Lakini sauti haina haraka, na hapa ndipo penye uzuri wake. Mtu anayeiona mvua ikija angepaswa kupiga kelele. Huyu anaita polepole, kama aliyekwisha kuita mara nyingi na bado hajajibiwa. Nyuzi zinarudia mzunguko ule ule chini ya sauti, na kila unaporudi, msikilizaji anazidi kuwa na shaka kama watoto wamesikia. Wimbo huu ulipotumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, watu wasiojua neno moja la Kiluo waliusikia kuwa ni maombolezo. Wako waliosema kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa habari yenyewe ni ya ng'ombe tu. Mimi sikubali. Huzuni imo ndani ya namna ya kuita, na masikio ya wageni hayakudanganywa.

Kosa lao lilikuwa jingine. Wengi waliufikiri wimbo huu kuwa wa kale, usio na mtunzi, uliookotwa kijijini kama jiwe la mtoni. Kumbe Kothbiro ulipata kuimbwa Nairobi katika miaka ya 1970 na kundi la vijana lililoitwa Black Savage, ambamo Ogada mwenyewe alikuwamo, kwa magitaa ya umeme na mdundo wa mjini. Mwaka 2018 mwimbaji wa Marekani, Kanye West, alipotumia kipande cha rekodi ile katika wimbo wake Yikes, miongoni mwa majina ya watunzi liliandikwa la James Mbarack Achieng pamoja na la Ogada. Neno "wimbo wa jadi" ni neno la heshima, lakini laweza kumnyima mtu haki ya kazi yake.

Si kila kitu katika albamu hii kinanipendeza. Mwendo wa nyimbo wakaribiana mno, na mtu akisikiliza zote 10 kwa mfuululizo ataanza kuutamani ule mzaha wa pakruok, mtu mmoja tu wa kuingilia kati na kujigamba. Upole usiokatizwa huchosha. Nyatiti ya matangani hulia, hucheka na kutukana katika usiku mmoja. Hii ya Ogada hulia vizuri sana, lakini kucheka inacheka kidogo.

Ogada alirudi Kenya, akafariki Februari 2019. Wanafunzi wanaoweza kuzipata rekodi zote mbili za Kothbiro na wazisikilize kwa zamu, ile ya Black Savage kwanza, kisha ya mwaka 1993, wakiyaangalia maneno yale yale yanavyobadilika pindi magitaa yanapoondolewa.