Uzito wa Nguzo ya Makaratasi

Mwalimu alipowatuma wanafunzi wake nje wakalilete gogo la mnazi lililolala kando ya uzio, walidhani wanaadhibiwa. Walikuwa kundi la wasichana wa mwaka wa pili wakifanya mazoezi ya tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, na hadi saa hiyo mambo yalikuwa yamewaendea vizuri. Maneno walikuwa nayo kichwani. Sauti zilisikika. Nguzo yenyewe, ile ambayo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha, mafundi wa jukwaa walikuwa wameshaitengeneza kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga, wakaipaka rangi ya kahawia, ikapendeza. Mtoto angeweza kuibeba begani akaenda nayo dukani na kurudi.

Hapo ndipo mwalimu alipoona kasoro. Alisimamisha mazoezi, akainama, akaiinua ile nguzo kwa mkono mmoja. "Wanangu," akasema, "mnaivuta hii kama mnaanua nguo kambani. Mwanamke wa Patata akiishika, mgongo unamuuma mpaka kesho. Kalileteni lile gogo."

Walilileta wakihema. Gogo la mnazi ambalo halijakauka si mzigo wa masihara; lina maji ndani, na gome lake linachubua viganja. Walipolifikisha katikati ya ukumbi aliwakataza kulitua. Waanze onyesho mwanzo, akasema, wakiwa wamelishika vile vile. Msichana aliyekuwa na maneno ya kwanza alifungua kinywa, sauti ikagoma. Mwalimu akapiga makofi kwa furaha. "Mmeona? Mwenye mzigo hasemi sentensi nzima. Anasema kipande, anavuta pumzi, anasema kipande kingine. Haya, mwanangu, endelea hivyo hivyo."

Jioni yote ilikwenda hivyo. Aliwaonyesha jinsi miguu ilivyotanuka yenyewe bila kuambiwa, jinsi shingo zilivyofupika, jinsi aliyekuwa nyuma kabisa alivyoacha kumtazama mwenzake akabaki kutazama sakafu. Kisha akaamuru gogo litolewe, nguzo ya makaratasi irudi. Na ile nguzo ikawa nzito. Naapa ilikuwa nzito. Mmoja wao, kabla ya kuishika, alijifuta viganja kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, na hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo. Gogo ndilo lililomfundisha. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikajikuta nimekaza miguu yangu mwenyewe sakafuni, nikiwasaidia kuvuta.

Mwalimu huyo hapendi jina lake liandikwe magazetini, nami naheshimu. Amefundisha uigizaji karibu maisha yake yote ya kazi, na watu wanaomjua ni wale tu waliopita mikononi mwake. Nimemwandikia insha hii kwa sababu nadhani tunasifu waigizaji bila kujua wanatengenezwa wapi. Tunasema fulani ana kipaji, basi, mazungumzo yamekwisha. Kipaji kipo, tena kimejaa kila mtaa. Lakini mwenye kipaji kitupu anaweza kukuliza leo, na kesho, mbele ya watu wengine, mvua ikipiga bati na homa ikimpanda, hajui jana alifanyaje. Aliyefunzwa anajua. Anakumbuka mahali pumzi ilipoingia, mguu uliotangulia, na muda aliokaa kimya kabla ya kugeuka. Anaweza kulirudia jambo lile usiku baada ya usiku, na kila usiku likawa jipya kwa aliyelipa kiingilio.

Elimu hii haikuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni, mchezo wa kuigiza uliotambuliwa na shule ulikuwa wa Kiingereza, na mwanafunzi alisifiwa kwa kadiri alivyotamka kama Mwingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, sanaa za maonyesho zikaanza kufundishwa chuo kikuu, na kutoka katika kizazi kile wakapatikana watu walioamini kwamba ngoma, utambaji wa hadithi na majigambo vina haki ya kupanda jukwaani kwa heshima ile ile aliyopewa Shakespeare. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando na Amandina Lihamba waliandika, wakafundisha, wakaongoza michezo, wakaenda vijijini kuigiza na wanakijiji wenyewe. Serikali nayo ilikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, nacho ndicho leo kinachoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Ninachokipenda zaidi katika utaratibu wa Bagamoyo ni kwamba mwigizaji hakuruhusiwa kuwa mwigizaji tu. Alipiga ngoma, alicheza, alishika brashi ya rangi, alijifunza sarakasi na ufundi wa jukwaa. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogoni, alifundisha pale pale. Fikiri kijana aliyekuja na ndoto ya kuigiza mfalme, akaambiwa akae chini karibu na mzee kama yule asikilize. Anayejua kupiga ngoma anajua pia ukimya unakaa wapi, na sehemu kubwa ya uigizaji mzuri ni kujua ukimya unakaa wapi.

Somo jingine la pwani lilikuwa upepo. Ukumbi wa zamani wa chuo kile, wenye paa la makuti, uliungua mwaka 2002, na mahali pake pakajengwa mwingine mkubwa. Lakini kwa zamani au kwa sasa, bahari iko jirani, na upepo wa jioni hauna adabu na mwigizaji. Unachukua maneno unayapeleka unakotaka. Basi walimu waliwapanga wanafunzi mchangani, mmoja huku na mwenzake mbali kule, wasemezane bila kupiga kelele. Mwanzoni wote hukazana kooni, na baada ya muda mfupi wamekauka. Ndipo hufundishwa kuishusha pumzi tumboni, kulegeza mabega, kufungua kinywa wima, kumalizia silabi ya mwisho ya neno, maana Kiswahili ukikimeza mwishoni maana yote inakwenda. Mwanafunzi aliyeiva huweza kunong'ona, na bibi aliyekaa kiti cha mwisho akausikia mnong'ono ule kama siri yake mwenyewe. Sijui sanaa nyingine inayomfikia mtu kwa ukaribu namna hiyo kutoka mbali namna hiyo.

Na tusiwasahau wasioonekana. Nyuma ya pazia, katika kila onyesho lililopangwa vizuri, kuna meza. Meza ile imetandikwa karatasi kubwa nyeupe, na juu ya karatasi umechorwa mzingo wa kila kifaa kitakachoingia jukwaani: mzingo wa kibuyu, mzingo wa jembe, wa miwani, wa bahasha. Kila kitu kinalala juu ya mchoro wake, na jina la mhusika anayekichukua limeandikwa pembeni. Msimamizi wa jukwaa anapita kabla ya kengele ya kwanza. Akiona mchoro uko wazi bila kitu juu yake, onyesho halianzi. Gizani, wakati taa zimezimwa na mwigizaji ana pumzi chache tu kabla ya kurudi mbele ya watu, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kibuyu bila kupapasa. Nimewaona vijana waliosomea kazi hii wakiwa wamevaa nguo nyeusi juu hadi chini, wakitembea bila kiatu kulia. Hawapigiwi makofi. Wanaijua tamthilia nzima kuliko anayepigiwa makofi.

Mwalimu wangu yule ana mtihani anaoupenda kuliko yote, nao ni mto Rufiji. Katika Kinjeketile mhusika mwenye jina hilo anavutwa mtoni, na watu wanabaki ukingoni hawajui kama atarudi. Kila darasa linalopewa onyesho hilo huja na vitambaa vya buluu, wawili wakivishika huku na huku wakivitikisa. Yeye huvikusanya vitambaa, huvikunja, huvikalia. Kisha huwaambia wale wasio na maneno, wanaosimama ukingoni tu, kwamba mto ni kazi yao. Waupe kina kwa jinsi wanavyorudi nyuma hatua moja. Waupe mwendo kwa macho yanayofuata kitu kikichukuliwa na maji. Waupe baridi. Darasa likifaulu, anayetazama huona maji mahali ambapo hapana hata tone, na anayeigiza Kinjeketile hahitaji kujitupa wala kupiga mayowe, wenzake wameshamzamisha. Kwa njia hiyo kijana hujifunza mapema kwamba asiye na neno la kusema jukwaani anabeba onyesho sawa na mwenye maneno mia.

Leo somo la namna hiyo linapungukiwa nafasi. Nimekaa katika kumbi kadhaa miaka ya karibuni, na kitu cha kwanza kinachoingizwa ukumbini siku hizi ni spika. Kila mhusika ana kipaza sauti kimebandikwa shavuni, hata ukumbi ukiwa wa watu hamsini. Sauti zote zinatoka mahali pamoja, ukutani, na mtazamaji anatafuta kwa macho ni nani anayesema. Kijana ambaye sauti yake inabebwa na mashine haoni sababu ya kuamka alfajiri kuilea.

Mihula imebanwa. Zoezi lililokuwa la jioni nzima sasa ni kipindi cha saa moja kati ya nadharia na mtihani wa nadharia, na mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa ameandika mengi kuhusu jukwaa na kusimama juu yake mara chache. Nje ya chuo, kazi nyingi zinazomngoja ni maigizo ya ujumbe: mfadhili analeta mada, malaria au mikopo au vyandarua, kikundi kinakaa siku mbili tatu, kinapanda gari, kinaigiza, kinapigwa picha za ripoti. Sisemi ujumbe haufai. Lihamba na Muhando walikwenda vijijini na masuala mazito kuliko hayo. Lakini walikaa na wanakijiji, wakasikiliza, wakafanya mazoezi, na ufundi haukuachwa nyumbani kwa kuwa watazamaji ni wakulima.

Filamu zetu za video nazo ziliwavuta wengi, na zimetupa nyota tunaowapenda kwa haki. Wakubwa wao kadhaa walilelewa na jukwaa au vikundi vya mtaani. Marehemu Amri Athumani, King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alianzia mbele ya watu kabla ya kamera kumjua, ndiyo maana aliweza kuchekesha kwa kunyamaza. Ni nani anayempa kijana wa leo miaka ile ya kusimama mbele ya watu? Kamera inamruhusu kurudia akikosea, kisha anayehariri anamfichia udhaifu.

Shuleni hali inaniuma zaidi. Tamthilia zinasomwa nchi nzima. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wanajibu maswali ya dhamira, wahusika na matumizi ya lugha katika michezo ambayo hawajawahi kuiona ikichezwa, wala kuambiwa wasimame waseme hata neno moja la mhusika kwa sauti. Tamthilia imefanywa karatasi ya mtihani. Mtoto anaweza kupata alama ya juu kabisa bila kujua kwamba ile nguzo ina uzito.

Na walimu wanastaafu. Ujuzi wa gogo, wa upepo, wa mto usio na maji, sehemu yake kubwa haimo katika kitabu chochote cha Kiswahili ninachokijua. Umo mwilini mwa watu waliofundishwa na watu. Anapoondoka mmoja bila mwanafunzi wa kumrithi, nafasi yake hujazwa kwenye orodha ya mishahara, basi.

Kwa hiyo nawaomba mnaopanga mitaala ya sanaa, ninyi wakuu wa vyuo na maofisa wa wizara: rudisheni saa za mazoezi kabla ya kununua mitambo mingine. Waajirini kwa mkataba walimu waliostaafu wangali na nguvu za kusimama ukumbini, na kila mmoja apewe vijana wawili wa kumfuata hatua kwa hatua. Nanyi walimu wa Kiswahili wa sekondari, mkianza tamthilia mpya muhula ujao, sukumeni madawati pembeni siku ya kwanza, kabla ya kuandika neno dhamira ubaoni, na waacheni watoto waicheze.